Bafle za pembe iliyokunjwa: maswali ninayoulizwa Goma kila wiki

Karakana yangu iko Majengo. Ninajenga bafle za kwaya, za harusi na za vijana wanaokodisha sauti. Watu hufika na picha kwenye simu, bafle kubwa yenye mdomo mpana kama mlango, na maswali yanayofuata hufanana. Nimeyaandika hapa pamoja na hesabu zake, ili anayetaka kujenga mwenyewe ajenge. Ninaposema "spika" nina maana ya kile kifaa chenye koni na sumaku. "Bafle" ni sanduku zima. Tripleksi ni ile ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania huiita plaiwudi.

Bafle ya pembe ni kitu gani hasa?

Nenda Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, asubuhi, mitumbwi ikiwa inaingia. Mtu anayemwita mwenzake aliye mbali majini huweka viganja viwili mdomoni, akaviacha vifunguke mbele. Pumzi ni ile ile, lakini sauti inafika. Ameshatengeneza pembe.

Spika ina shida kama ya huyo mtu. Koni inasukuma hewa, na hewa ni nyepesi mno kwake. Ni kama kupiga ngumi pazia: mkono unakwenda wote, pazia linapepea, nguvu haijapata pa kushika. Sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Pembe inaianzishia koni hewa ndani ya nafasi finyu, tunayoiita koo, ambako hewa ina ukinzani wa kutosha kusukumwa kweli kweli. Kutoka hapo njia inapanuka polepole hadi mdomoni, na wimbi linatoka nje bila kurudishwa nyuma.

Na kwa nini ikunjwe?

Kwa sababu besi ni ndefu. Sauti hewani husafiri karibu mita 344 kwa sekunde, hivyo wimbi la Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8.6. Pembe ya kulishika wimbi hilo ikinyooshwa haipiti mlangoni. Unaikunja ndani ya sanduku kama utumbo ulivyokunjwa tumboni, na besi haijali kona, mradi kona ziwe ndogo kuliko wimbi lenyewe. Kwa sauti nyembamba ni kinyume: pembe ya twita haikunjwi hivyo, kona zingeila sauti yote.

Bafle za kawaida zipo sokoni Birere. Kwa nini nihangaike?

Kwa ajili ya umeme. Hili ndilo jibu langu la kwanza na la mwisho kwa mtu wa Goma.

Spika nzuri ya kazi ya inchi 15, ikiwa ndani ya sanduku la kawaida lenye tundu, hutoa takriban dB 96 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ukipima mita 1 mbele yake. Spika hiyo hiyo kwenye pembe iliyojengwa vizuri inaweza kufika dB 102 hadi 105 ndani ya masafa ya pembe. Tofauti ya dB 8 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ili uipate kwa kuongeza ampli unahitaji nguvu mara 6. Ampli ya wati 100 kwenye pembe inafanya kazi ya wati 600. Ukiwa unapigia harusi kwa jenereta, ile tunayoita gurupe, au kwa betri za sola, unaelewa mara moja hiyo ina maana gani kwa mafuta na kwa ukubwa wa mashine ya kubeba.

Na pembe yenyewe ilizaliwa katika uhaba wa aina hii. Miaka ya 1920 na 1930 ampli zilikuwa za taa za kioo na nyingi zilitoa wati chache tu, lakini zilitakiwa kujaza ukumbi mzima wa sinema. Uingereza alikuwapo Paul Voigt na pembe zake. Marekani alikuja Paul Klipsch: hataza ya pembe yake ya besi ya konani ilitolewa mwaka 1943, na mwaka 1946 akafungua kiwanda katika mji wa Hope, jimbo la Arkansas. Wazo lake lilikuwa zuri sana: sanduku linasimama kwenye kona ya chumba, na kuta mbili zinakuwa mwendelezo wa pembe. Bafle hiyo bado inauzwa hadi leo. Watu wenye umeme mwingi waliziacha pembe kwa sababu ni kubwa na nzito, na wati zilikuwa zimekuwa rahisi. Kwetu wati bado si rahisi.

Nichague kushuka hadi Hz ngapi?

Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi 4 unalia kwa Hz 41. Ngoma ya mguu kwa kawaida inakaa kati ya Hz 50 na 70. Katika rumba, kile kinachowainua watu kwenye viti, yaani besi na ngoma ya mguu zikitembea pamoja, sehemu kubwa kiko kati ya Hz 60 na 120. Mimi huchora pembe ya Hz 40 na kutegemea kazi ya uhakika kuanzia Hz 60 na kitu. Anayetaka Hz 30 ajiandae kwa sanduku ambalo watu wanne hawalinyanyui.

Hesabu zake ni ngumu?

Hapana. Unahitaji mashine ya hesabu ya simu, chaki na kamba.

Pembe ninayoijenga hupanuka kwa kanuni moja: kila ukitembea urefu fulani, eneo la njia linakuwa mara mbili. Urefu huo unategemea Hz ulizochagua. Kwa Hz 40 ni sentimita 47.4. Kwa Hz 50 ni sentimita 38. (Ukitaka kuutafuta mwenyewe: chukua 344, zidisha kwa 0.693, gawanya kwa 12.57, gawanya tena kwa Hz zako. Jibu ni mita.)

Sasa koo. Spika ya inchi 15 ina uso unaosukuma hewa wa karibu sentimita za mraba 855. Koo linakuwa dogo kuliko huo uso, kati ya nusu na theluthi yake. Mimi huchukua 350. Ukibana zaidi ya theluthi, koni ya karatasi inaanza kuteseka na siku moja inapasuka karibu na ukingo.

Anza na 350. Baada ya sentimita 47.4 inakuwa 700. Baada ya 94.8 ni 1400. Baada ya 142 ni 2800, na hapo ninaweka mdomo.

Uzuri unakuja ukiifanya pembe yote iwe na upana mmoja wa ndani, tuseme sentimita 56. Hapo unachobadilisha ni umbali kati ya ubao na ubao tu: mwanzoni sentimita 6.25, kisha 12.5, kisha 25, na mdomoni 50. Katikati ya hatua hizo unaongeza 8.8, 17.7 na 35.4. Mbao zilizonyooka zikipita kwenye alama hizo zinatosha; besi haihitaji ubao uliopindwa kwa mvuke.

Kilichobaki ni chemba ya nyuma, kile chumba kilichofungwa ambamo mgongo wa spika unakaa. Hewa ya humo ni springi, na springi hiyo inatakiwa ilingane na uzito wa hewa iliyo kooni. Klipsch alituachia njia fupi: zidisha 2.9 kwa eneo la koo kwa ule urefu wa kurudufu. Yaani 2.9 × 350 × 47.4, ambayo ni karibu lita 48. Ongeza lita 5 au 6 zinazoliwa na sumaku na fremu ya spika. Pembe yenyewe inachukua kama lita 168. Jumla, ukiongeza unene wa mbao, ni sanduku la upana wa sentimita 60 hivi, ambalo mtu mmoja analikumbatia lakini hafiki upande wa pili.

Kabla ya kukata chochote ninachora ubavu wa bafle kwa ukubwa wake halisi, kwa chaki, kwenye sakafu ya sementi. Halafu nalaza kamba katikati ya njia, kutoka koo hadi mdomo, nikipita katikati ya kila kona, si ukutani wala pembeni. Nikiinyoosha kamba lazima inipe sentimita 142. Ikinipa 125 mchoro unafutwa. Siku moja mama kiongozi wa kwaya alinikuta nimepiga magoti juu ya mchoro huo. Akafuata kamba kwa macho, kutoka chumba cha spika, juu, nyuma, chini, hadi mbele.

"Fundi," akasema, "hii njia yote ya kuzunguka, sauti haitachoka mbele ifike?"

"Hapana, mama. Iko inakomaa mu njia."

Akakaa kwenye stuli na kunitazama hadi nilipomaliza. Mpaka leo sijapata maneno bora kuliko hayo ya kueleza pembe.

Naweza kunakili bafle ya jirani kwa kupima nje yake?

Usifanye. Nje ya bafle ya pembe haisemi lolote. Nimefungua masanduku mawili yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na pembe ya kweli, jingine lilikuwa na mbao tatu zilizotupwa ndani ili lionekane lina njia.

Bafle moja inatosha?

Inalia, lakini haijakamilika. Ili mdomo ufae Hz 40 ukiwa hewani peke yake, unahitaji eneo la karibu mita za mraba 5.9. Ukiweka bafle chini, ardhi inafanya nusu ya kazi na unahitaji 2.9. Ukiegemeza ukutani, 1.5. Ukiiweka kwenye kona, 0.74. Bafle yetu moja ina 0.28. Kwa hiyo tatu zilizobanana konani zinatosha kabisa, na nne zilizopangwa pamoja mbele ya ukuta zinakaribia. Zikibanana, midomo yao inafanya kazi kama mdomo mmoja mkubwa. Ndiyo maana nawaomba wateja wasizitenganishe, mbili kushoto na mbili kulia kwa ajili ya kupendeza machoni. Ziweke zote mahali pamoja, zigusane.

Lakini kuna jambo la Goma ambalo vitabu havilisemi. Ukuta ninaouzungumzia ni wa mawe au matofali. Nyumba nyingi hapa ni za mbao juu ya msingi wa mawe, na ukuta wa mbao nyembamba hauirudishi besi. Unatikisika nayo na kuipitisha kwa jirani. Niliwahi kuweka bafle mbili kwenye kona ya chumba cha mbao, kisha tukazitoa hadi uani, kwenye kona ya ua uliojengwa kwa mawe meusi ya volkeno. Wati zile zile, wimbo ule ule, na besi ikawa kitu kingine kabisa, ilisikika kifuani. Chini hatuna tatizo. Sakafu iliyokaa juu ya lava haitikisiki.

Nichukue spika gani?

Usichague kwa wati zilizoandikwa kwenye boksi. Spika halali huja na karatasi ya vipimo, na vipimo hivyo vinaitwa kwa majina ya Thiele na Small, walioviweka sawa kati ya miaka ya 1960 na 1970. Tafuta vitatu. Fs, mtetemo wa asili wa koni: Hz 35 hadi 45 ni sawa kwa pembe hii. Qts, jinsi mwendo wa koni unavyodhibitiwa kwa jumla: kati ya 0.25 na 0.40. Na Qes, ule udhibiti unaotoka kwenye sumaku na koili: gawanya Fs kwa Qes, jibu likizidi 100 spika hiyo inafaa pembe. Kwa lugha ya kawaida, unataka sumaku yenye nguvu na koni ngumu isiyo nzito. Spika laini za gari, zenye mpira mnene ukingoni na koni nzito inayotembea sana, hazifai humu hata ziwe na wati 2000 kwenye kibandiko.

Kama spika haina karatasi ya vipimo na muuzaji hawezi kukwambia Fs yake, rudisha kwenye rafu. Sumaku kubwa ya nje mara nyingine ni kifuniko tu.

Tripleksi ipi, na mbao zetu je?

Tripleksi ya milimita 18, yenye matabaka mengi na isiyo na mashimo ndani. Gonga karatasi kwa kiungo cha kidole kuanzia ukingoni hadi katikati. Panapotoa sauti ya debe tupu kuna pengo, na pengo hilo litazomea ukiipa besi. Karatasi ya sentimita 122 kwa 244 moja na nusu inatoa bafle moja, ukikata kwa akili.

Mbao ngumu kama libuyu ni nzuri mno kwa vijiti vya kukazia ndani na kwa kona za nje zinazopigwa na usafiri. Usizitumie kwa pande kubwa. Ubao mzima unavimba na kusinyaa, na kwa mvua zetu utafungua kiungo kabla ya mwaka kuisha. Mbao za unga uliokandamizwa, MDF, ni tulivu kwa sauti lakini zikilowa mara moja zimekwisha. Kwa bafle inayokaa kanisani bila kuhamishwa, sawa. Kwa bafle ya kukodisha, hapana.

Pande zote pana zaidi ya sentimita 30 zikazwe katikati. Karibu na koo ndipo shinikizo la hewa ni kubwa zaidi, na hapo ndipo watu wengi husahau, kwa sababu njia ni nyembamba na ubao unaonekana mfupi.

Bafle yangu mpya inapuliza badala ya kupiga. Tatizo ni nini?

Inavuja. Karibu kila mara jibu ni hilo.

Nilijifunza kwa bafle mbili nilizomjengea mteja wa kwaya. Hesabu sahihi, mbao nzuri, rangi imekauka. Jumamosi ya mazoezi besi haikuwa na uzito, na chini ya kila noti kulikuwa na sauti ya "fyuu", kama mtu anayepoza chai. Nilifungua skrubu zote za spika, nikazikaza upya, hakuna kilichobadilika. Mwishowe nikapiga mlio wa Hz 40 kutoka kwenye simu, nikalowesha mgongo wa mkono, nikaupitisha polepole kwenye kila kiungo. Nyuma, chini ya soketi ya waya, nilihisi ubaridi mwembamba kama uzi. Tundu nililotobolea waya kuingia chemba ya nyuma lilikuwa na milimita 8, na waya ulikuwa na 6. Milimita mbili. Nilijaza silikoni, tukangoja hadi asubuhi, na Jumapili besi ilikuwapo yote.

Tangu siku hiyo kila kiungo changu kinapata kola nyeupe ya mbao kwa wingi, skrubu kila sentimita 15, na kola ikishakauka ninapitisha silikoni ndani kwa kidole kwenye kila kona ninayoweza kuifikia. Njia ya pembe huwezi kuifikia baadaye, kwa hiyo ubavu wa mwisho usifungwe kabla hujaangalia kwa tochi. Ukingo wa spika unakaa juu ya mpira laini. Mlango wa kuingizia spika nao una mpira, na skrubu zisizopungua 10.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji umeme. Sukuma koni kwa vidole vilivyotandazwa, taratibu, kisha achia. Chemba iliyofungwa vizuri inaipinga kama mto, na koni inarudi. Ikiingia kirahisi kama vile haina kitu nyuma, tafuta tundu.

Zile zinazoitwa skupu, na zile ambazo spika iko katikati ya njia?

Skupu ni pembe ya mgongo: uso wa spika unaonekana mbele, na sauti ya nyuma ndiyo inayopita kwenye njia hadi mdomo mpana chini. Inapendwa na watu wa muziki wa Jamaika, ina besi nzito yenye joto. Hasara yake ni kwamba chini ya Hz za pembe koni haina kitu cha kuishikilia, inatupwa mbele na nyuma hadi koili inagonga.

Ile nyingine, ambayo pande zote mbili za koni zinaingia katika pembe moja, sehemu mbili tofauti, ilienezwa na Tom Danley wa Marekani. Inatoa besi ya chini kutoka sanduku dogo kuliko unavyotegemea. Lakini haisamehi. Kosa la sentimita 5 linabadilisha sauti yote, na hesabu zake si za chaki. Kama hujawahi kujenga, anza na ya kawaida yenye chemba iliyofungwa.

Kuna programu ya kunisaidia?

Ipo, Hornresp, iliyoandikwa na David McBean wa Australia. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, hata kwenye laptopu ya zamani. Unaingiza vipimo vya spika, koo, mdomo, urefu na chemba, inakuchorea sauti itakayotoka na umbali ambao koni itatembea. Sura yake ni ya kizamani na mwanzoni inatisha. Vumilia siku mbili. Mimi hufanya hesabu za mkono kwanza, halafu naiuliza programu. Ukianza na programu bila kuelewa njia ya hewa, utacheza na namba hadi mstari upendeze, ukajenga kitu kisichojengeka.

Goma iko juu, mita 1500 hivi. Je, hesabu zinabadilika?

Urefu wa pembe, hapana. Mwendo wa sauti unafuata joto la hewa, na kwa nyuzi zetu 20 na kitu ile 344 inabaki nzuri. Kinachopungua ni uzito wa hewa, karibu asilimia 13 chini ya ile ya pwani, kwa hiyo kila bafle inatoa sauti pungufu kidogo. Ni karibu dB 1, wala hutaisikia. Anayeumia ni jenereta. Injini ya petroli hapa inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake, na feni ya ampli inapuliza hewa nyepesi. Acha nafasi nyuma ya ampli.

Nizifungeje na ampli?

Kwanza kata besi iliyo chini ya uwezo wa pembe. Weka kichujio kwenye Hz 40, kile kikali cha dB 24 kwa oktava. Chini ya hapo hupati sauti, unapata joto. Juu, kata kwenye Hz 120 au 150 na uziachie tops, zile bafle za sauti ya kati na nyembamba.

Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba ni omu 4. Nne ni omu 2, na ampli nyingi zitalalamika. Hakikisha zote zinasukuma upande mmoja: gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, na koni zote ziende mbele. Moja ikirudi nyuma itaifuta kazi ya jirani yake, na utafikiri pembe yako haifai.

Halafu ucheleweshaji. Sauti ya besi imetembea sentimita 142 ndani ya sanduku kabla haijatoka, yaani milisekunde 4 nyuma ya tops. Kama miksa au prosesa yako inaruhusu, chelewesha tops kwa milisekunde 4 uwe na pa kuanzia. Kisha piga mlio wa Hz zile mnazokatia, geuza nyaya za tops kinyume, na sogeza ucheleweshaji hadi sauti iwe dhaifu kuliko pote. Rudisha nyaya kama zilivyokuwa. Hapo besi na sauti vimeshikana.

Majirani na masikio?

Pembe inafika mbali, na besi haizuiwi na bati wala ubao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kipimo cha kumbi za muziki: wastani usizidi dB 100 kwa robo saa. Bafle nne kama hizi zinavuka hapo bila jasho kwa mtu aliyesimama mbele. Naomba sana watoto wasiwekwe kwenye viti vya mbele, hata kama ndipo nafasi ilipobaki. Kuna programu za simu za kupimia; hazina usahihi wa maabara, lakini zitakuonyesha kama uko 95 au 110.

Nitazisafirishaje?

Bafle moja ikiwa na spika yake ina kilo 45 hadi 50. Chukudu nzuri, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inabeba mbili bila shida, zikilazwa kwa mgongo, midomo ikiangalia juu, zimefungwa kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa. Funika mdomo kwa turubai au gunia lililoshonwa vizuri. Vumbi jeusi la barabara zetu linakwaruza kama msasa, na likiingia kati ya koili na sumaku hulitoi tena. Vishikio viweke katikati ya uzito, si katikati ya sanduku. Spika iko upande mmoja, na upande huo ndio mzito. Kabla ya kufunga vishikio, laza bafle juu ya bomba, isogeze hadi itulie bila kuegemea upande wowote, kisha piga alama hapo kwa penseli.

Na ukiwa na mwenye chukudu, mwambie mapema kwamba ndani kuna sumaku na koni ya karatasi. Wengi wao ni waangalifu sana wakijua wamebeba nini.